Karatasi za Entebbe

Nilimdanganya mjomba wangu. Nilimwambia serikali imekwisha kubali tulete Bwera samaki wa kutoka ng'ambo, na kwamba karatasi ziko Entebbe zinangoja sahihi tu. Hapakuwa na karatasi. Hata barua ya kuomba sikuwa nimeandika. Yeye akauza mbuzi, akakopa kwenye chama cha akiba na mikopo, akachimba bwawa katika shamba lake la pamba kando ya mto Lhubiriha, pale ambapo ukivuka maji umeingia Kongo. Jamaa zangu wanaijua nusu ya habari hii, na ni ile nusu inayonipendelea.

Nianze na fito, maana bila ile fito nisingekuwa na uongo wa kusema.

Wakati huo nilikuwa dereva wa watalii, kazi yangu kuwatoa Kasese mjini, kuwazungusha katika Hifadhi ya Queen Elizabeth na kuwarudisha. Mgeni mmoja wa Kimarekani, mzee mkarimu, alikuja na mfuko mwembamba mrefu ambao askari wa getini walidhani una bunduki. Ndani mlikuwa na fito ya kuvulia ya vipande vya kuunganisha, gurudumu la mshipi, na kisanduku kilichojaa ndoano zilizovikwa manyoya. Siku zake ziliishia kwa simba na tembo, hakuvua hata dakika moja. Alipoondoka akaniachia vyote. Lakini kabla ya hapo alinifundisha kutupa, jioni, kwenye nyasi za bustani ya hoteli, sahani ya plastiki ikiwa ndiyo samaki.

Uvuvi huo una namna yake. Mvuvi wa ndoano tuliyemzoea hufunga risasi au jiwe, akatupa, na mshipi ukafuata. Huku ni kinyume: ndoano haina uzito wowote, ni unyoya na uzi tu, na kinachotupwa ni mshipi wenyewe, ambao ni mnene na mzito. Unaurusha nyuma, unaungoja unyooke hewani, unaurudisha mbele. Ukiuharakisha unakucharaza kisogoni. Mwisho wake ndoano inatua juu ya maji taratibu, na samaki anapaswa kuamini kwamba mdudu ameanguka.

Zile za kisanduku changu zilikuwa za kuelea. Nyingine zilitengenezwa kwa manywele ya kulungu yaliyobanwa na kukatwa hata yakawa na umbo la chura. Nyingine zilikuwa za sponji, uso wake umechimbwa kidogo, ukizivuta zinameza hewa na kulia plo! Zote zilikuwa za samaki mmoja, besi mwenye mdomo mpana, wa mito na maziwa ya Marekani. Besi ni mwindaji. Hujificha chini ya magogo na majani, na alfajiri au jioni hupanda kumeza vyura, kereng'ende, hata panya anayevuka maji. Yule mzee alinisisitizia jambo moja: ukishatupa, usivute. Acha zile duara za maji zipanuke mpaka zitulie kabisa. Kisha vuta kidogo, plo, na utulie tena. Besi huwa ameshageuka anatazama. Kinachomshinda ni kungoja.

Nilipenda. Sijui niseme vipi zaidi ya hapo. Nilitazama video kwenye simu mpaka data ikaisha, nikajua majina ya maziwa ya Florida kabla ya kujua majina ya mialo yote ya wilaya yangu.

Basi nikaenda Ziwa George. Nilishukia Kahendero, nikalipia nafasi katika mtumbwi wa wavuvi wenye leseni. Kibali changu mwenyewe cha kuvua sikuwa nacho; nalo naliweka hapa pamoja na mengine. Kwa macho ya mtu aliyelewa video, pale ndipo mahali penyewe. Ziwa lina ukubwa wa kilomita za mraba 250 hivi, wastani wa kina chake haufiki mita 3, ikweta inalipitia, kingo zake nyingi ni mafunjo, na maji yana rangi ya mchuzi wa sombe mwaka mzima. Nilitupa kando ya mafunjo, nikangoja duara zitulie, nikavuta. Plo. Nikangoja. Viboko wakakoroma kwa mbali. Hakuna kilichopanda, wala siku hiyo wala siku nyingine nilizorudi.

Wavuvi walivumilia kwa adabu, kisha mmoja wao, mtu mzima, akaniuliza, "Mwalimu, unamfukuza nani?" (Mimi si mwalimu. Ni heshima ya kumpa mtu ambaye hujaelewa anachofanya.) Nikamweleza kwamba mlio ule unamwita samaki. Wakaangua kicheko. Ngege, yaani tilapia, akisikia kishindo juu ya maji hukimbia. Ndiyo maana katika maziwa ya Uganda wako wanaotega nyavu kisha wakayapiga maji kwa rungu ili samaki wakurupuke waingie wenyewe. Njia hiyo imepigwa marufuku, na wanaoitumia huitumia kwa sababu inafanya kazi. Kumbe mimi nilikuwa ninafanya kazi ya rungu bila wavu.

Jibu kamili lilikuwa limeshapatikana zamani, tena hapo hapo. Kati ya mwaka 1966 na 1972 wanasayansi walipiga kambi Kasenyi, kando ya ziwa hilo hilo, katika mpango mkubwa wa kimataifa wa utafiti wa viumbe. Walitaka kujua ziwa dogo namna hii linalishaje samaki wengi hivyo. Waligundua kwamba ngege wa Ziwa George anaishi kwa ule ule ukijani wa maji. Ule ni mwani ambao wanyama wengi wakiumeza unawapita hivi hivi, lakini tumbo la ngege hutoa asidi kali sana, inayoweza kushuka hadi pH 1.4, inayoupasua mwani na kumwezesha kuumeng'enya. Ziwa zima ni sahani yake. Hana sababu ya kupanda juu kumtafuta chura wa manywele ya kulungu. Walaji wa nyama wapo, semutundu, kambare na kamongo, lakini wavuvi huwapata kwa mishipi mirefu yenye ndoano nyingi, usiku, chambo kikiwa nkejje, wale samaki wadogo wa ziwani. Yote haya wangeniambia mtumbwini kama ningeuliza. Sikuuliza. Nilikuwa na fito ya dola nyingi mkononi, na wao walikuwa na matundu kwenye fulana.

Badala yake nikatoa hukumu: ziwa hili lina kasoro. Nikaanza kuwaambia wageni garini kwamba wavuvi wamelimaliza. Niliyasema hayo kwa muda mrefu, barabarani kati ya Kikorongo na Katunguru, kwa sauti ya mtu anayejua, na wageni wakaandika kwenye vijitabu vyao. Sitetei nyavu za macho madogo. Zipo, na zinaumiza. Lakini Ziwa George ni mahali ambapo idadi ya mitumbwi iliwekewa mpaka tangu enzi za ukoloni, ambapo baada ya Vita vya Pili vya Dunia palijengwa kiwanda cha samaki cha TUFMAC hapo Kasenyi, na ambapo vijiji vya wavuvi vimezungukwa na hifadhi hata mtu hawezi kupanua shamba la mihogo. Watu wale walikuwa wanaishi ndani ya masharti ambayo mimi nisingeyaweza kwa wiki moja. Nikawachafulia jina kwa sababu ndoano yangu haikuguswa.

Baadaye nikapata safari ya kupeleka wageni Kenya, na tukalala Naivasha. Besi wako Naivasha. Waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 ili wazungu wa kule wapate mchezo. Nikakodi mashua jioni, nikatupa kando ya mafunjo, nikangoja duara zitulie. Kabla sijavuta, maji yalipasuka. Samaki aliruka, akatikisa kichwa hewani, akaniangalia, au ndivyo nilivyoona mimi, na mikono yangu ilitetemeka mpaka mwenye mashua akanishikia fito.

Mwenye mashua huyo aliniambia kwamba nina bahati, kwani siku hizi besi ni wachache na samaki wa soko ni kapi. Nilisikia, nikapita. Sasa najua alichokuwa ananieleza. Samaki wa asili wa Naivasha alikuwa mmoja tu, mdogo wa kutosha kidoleni, na mara ya mwisho kuonekana humo ilikuwa mwaka 1962. Karibu wengine wote ni wa kuletwa. Kapi naye alionekana ziwani mwanzoni mwa miaka ya 2000, bila mtu kukusudia kumtia, na katika miaka michache akawa ndiye anayejaza nyavu kuliko wote. Ziwa lile limekuwa likipokea wageni kwa karibu karne nzima, kila mmoja akimsukuma aliyemtangulia. Nilikaa juu ya maji yake jioni nzima nikaona mchezo peke yake.

Njia nzima ya kurudi nilikuwa na hesabu kichwani. Kama Wakenya wameweza, kwa nini si Kasese? Watalii wanakuja tayari, wanamwona simba, wanaondoka. Tukiwa na bwawa lenye besi, watalala siku moja zaidi, watalipa kwa kila samaki na kumwachia. Nilitafuta nani ana ardhi yenye maji. Mjomba alikuwa nayo.

Mjomba wangu ni mkulima wa kahawa. Kahawa iko juu mlimani. Huku chini tambarare, karibu na mto, alikuwa na kipande cha pamba kisichompa kitu. Ni mtu wa kuuliza maswali machache na yote ya maana. Nilipomwonyesha video alitazama kimya, kisha akauliza wanamla lini. Nikamwambia hawamli, wanamrudisha majini. Akamwita mkewe aje asikie.

Mkewe, ambaye mimi humwita mama, anauza samaki katika gulio la Mpondwe. Wateja wake wengi ni Wakongo wanaovuka kutoka Kasindi, wengine wametoka Beni na Butembo, na wanachotaka ni samaki aliyekaushwa na kutiwa chumvi ya Katwe anayeweza kuhimili safari. Alimtazama yule besi anarukaruka kwenye simu, akasema, "Huyu ana miiba mgongoni na bei yake hamuijui," akarudi jikoni. Tungeishia hapo ingekuwa heri kwa wote.

Nikaleta hoja ya sangara, ambaye Uganda tunamwita mputa. Nilimkumbusha mjomba viwanda vya Jinja na Entebbe, minofu inayopanda ndege kwenda Ulaya, na kwamba samaki yule hakuwa wa Ziwa Victoria, alitiwa miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960. Yote ni kweli. Niliacha kumwambia kilichowapata nkejje wa Victoria, mamia ya aina, nyingi zimetoweka. Niliacha kumwambia pia kwamba Ziwa Edward, unaloingia Lhubiriha wake, halina sangara kwa sababu maporomoko ya mto Semliki yamemzuia kupanda kutoka Ziwa Albert, na kwamba kwa sababu hiyo nkejje wa Edward na George, aina kwa makumi ambazo hazipatikani pengine popote duniani, bado wapo. Nilikuwa nimeshayasoma. Hapa siwezi kujificha nyuma ya ujinga.

Akauliza swali lake la mwisho. "Serikali imekubali?"

Sheria ya Uganda haimruhusu mtu kuleta samaki wa kigeni na kumtia majini bila idhini ya maandishi ya idara ya uvuvi. Nililijua hilo, na nilijua ofisi iko Entebbe, na nilijua nikiandika watauliza maswali ambayo majibu yake yataua jambo zima. Nikasema, "Imekubali, mjomba. Karatasi ziko Entebbe." Yalinitoka kirahisi kuliko nilivyotarajia. Akanyanyuka akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

Bwawa lilichimbwa na vijana wa kijiji kwa majembe, wakati wa kiangazi, na mfereji wa kuchukua maji mtoni. Mimi nikaanza kazi ya kuahirisha. Mara mtu wa Entebbe yuko likizo, mara vifaranga wa besi wanangoja ndege, mara dola imepanda. Baada ya msimu mzima wa bwawa tupu, mjomba, ambaye hakunilaumu hata kwa neno, alikwenda mwenyewe akanunua vifaranga wa kambare ili maji yasikae bure. Akawalisha pumba za mahindi na matumbo ya kuku. Walikua vizuri. Alianza hata kuwapa majina wale wakubwa, na mama akaanza kupiga hesabu za kuwabanika.

Machi 2020 mpaka ulifungwa kwa sababu ya korona, watalii wakakatika, nami nikarudi Bwera kukaa. Mei mvua ikanyesha milimani kwa namna ambayo Kasese haitaisahau. Mto Nyamwamba ulibomoa na kubeba mpaka hospitali ya Kilembe ikaharibiwa. Kwetu Lhubiriha ilipanda usiku. Asubuhi hapakuwa na kingo za bwawa, hapakuwa na mfereji, na kambare walikuwa wamekwenda zao na mto kuelekea Ziwa Edward. Kambare ni wa kule, walikuwa wanarudi kwao.

Nilisimama pale nikiwaza kitu kimoja. Kama ningefanikiwa, kama kweli ningepata vifaranga wa besi, siku ile wangekuwa njiani kuelekea ziwa la zaidi ya kilomita za mraba 2,000, ambalo sehemu yake kubwa ni ya Kongo, lililojaa nkejje wadogo, na kutoka humo, kwa Mfereji wa Kazinga, hadi Ziwa George. Hakuna wavu wa kuwatoa. Watu wa Kyavinyonge na Vitshumbi, upande wa Kongo, ambao sijawahi kuwaona wala hawajawahi kusikia jina langu, wangekula matokeo ya jioni yangu moja ya Naivasha. Kilichowaokoa ni uvivu wangu wa kuandika barua. Sidai sifa kwa hilo.

Uongo nao haukuondoka na mto. Mwenyekiti wa kijiji (LC) alipita kuandikisha hasara za mafuriko, na mjomba akanigeukia mbele yake. "Lete zile karatasi za Entebbe," akasema, "tuandikishe na samaki waliokuwa waje. Huenda serikali itatufikiria."

Nikasema sina. Akasema basi niende kuzichukua barabara zikifunguka. Ndipo nikasema, mbele ya mwenyekiti na watoto wa jirani, kwamba hazikuwahi kuwepo. Mwenyekiti, Mungu ambariki, aliinamia daftari lake akajifanya anaandika.

Mjomba alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza, "Tangu lini?" Nikamwambia tangu siku ya kwanza. Akauliza kama vijana waliochimba wanajua. Nikasema hapana. "Wasijue," akasema. "Watanicheka mimi, hawatakucheka wewe." Hajawahi kulirudia neno hilo tena, na mpaka leo ukimuuliza mtu wa Bwera kilichoua mradi wa samaki wa mzee yule, atakuambia ni mto. Hiyo ndiyo nusu inayonipendelea, na yeye ndiye anayeilinda.

Mama alikuwa na maneno zaidi, na nilistahili yote. Moja naliandika, kwa sababu ndilo lililonirudisha Kahendero: "Ulikaa na wavuvi, ukala samaki wao, hukuwauliza samaki anakula nini?"

Nimekwenda kuwauliza. Yule mtu mzima aliyeniita mwalimu bado anavua. Nilimwambia pia nilivyokuwa nikiwasema garini, akajibu kwamba walishasikia, dereva mwingine aliwaeleza. Siku hizi nikiwapitisha wageni Kikorongo nawaambia habari ya ngege anayekula ukijani, na wanaipenda kuliko ile ya zamani.

Fito niliiuza kwa mgeni aliyekuwa anakwenda Naivasha. Fedha zake ziliingia kwenye mkopo wa mjomba, ambao sasa unaandikwa kwa jina langu, na bado haujaisha. Kisanduku cha ndoano hakikupata mnunuzi. Vijana wa Bwera wenye simu wameanza kuniuliza habari za besi, kwa kuwa video hizo zimewafikia na wao. Nawajibu kwamba ofisi ya uvuvi ya wilaya iko Kasese mjini, waende waulize huko kabla ya kuchimba, na wakiambiwa hapana, ni hapana.

Vifaranga wa kambare wanauzwa kwa ruhusa, na mama yuko tayari kuwanunua wakikua.